Jasho, mti na nguo: namna watu wanaiga mti ili kitambaa kikauke mbio

Mwezi wa 9, mbele mvua ya kwanza ianguke, jua la Mutshatsha halina huruma. Angalia watu wanaorudi kutoka kazini: wale wanaotengeneza njia ya reli, wachimbaji wanaotoka shimoni, mama mwenye mufuko wa makala kichwani, kijana mwenye kuendesha pikipiki toka Kolwezi. Wote mgongo umelowa. Sasa waache wapumzike nusu saa chini ya mwembe, kiisha uangalie tena. Mmoja nguo yake imekauka. Mwingine shati bado limemshika mgongoni, na upepo ukipita anatetemeka. Jua ni lile lile, jasho ni lile lile. Tofauti iko kwa kitambaa.

Wengi wanafikiri ni mambo ya bei ao ya mtindo. Hapana. Ni mambo ya maji: yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanaishia wapi. Katika miaka hii watu wa sayansi wamejifunza jambo moja kutoka kwa mti, na wametengeneza kwa nyuzi nyembamba sana utando unaovuta jasho kutoka ngozini na kulipeleka inje, sawa vile mti unavuta maji kutoka udongo mpaka kwa majani. Hapa tunaeleza ile kazi hatua kwa hatua, kiisha tunasema inatufaa nini sisi wakaaji wa Lualaba, ambao wengi wetu tunakula kwa jasho.

Jasho linafanya kazi gani?

Mwili wa mtu unapenda kubaki karibu na digrii 37. Ukifanya kazi nguvu, nyama za mwili zinatoa moto mwingi, na ule moto lazima utoke. Kwa ngozi yetu kuna vitundu vya jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Vinatoa maji, na yale maji ndiyo yanabeba moto.

Lakini fasi nyingi watu wanakosea hapa. Jasho halipozi mwili kwa sababu limetoka. Linapoza mwili kwa sababu limekauka. Maji yanapogeuka mvuke yanachukua moto pamoja nayo. Litre 1 ya jasho ikikauka yote kwa ngozi, inaondoa moto unaotosha kuchemsha zaidi ya litre 7 za maji baridi. Ile litre ikianguka chini matone kwa matone, karibu haikuondoa kitu. Umepoteza maji na chumvi bure.

Wazee walijua jambo hili bila kitabu. Ndiyo maana maji ya kunywa yalikuwa yanawekwa katika mutungi wa udongo. Maji kidogo yanapita katika udongo, yanafika inje, yanakauka kwa upepo, na yale ya ndani yanakuwa baridi. Mutungi unatoka jasho. Ukiupaka rangi ya mafuta inje, hautapoza tena, sababu umeziba njia.

Nguo nayo ni vile. Inaweza kuwa sawa mutungi mzuri, ao inaweza kuwa sawa mutungi uliopakwa rangi.

Pamba inakunywa, poliesta inakataa

Nguo nyingi tunazovaa ni za namna mbili, ao mchanganyiko wake. Kwanza pamba: vikwembe, mashati, triko nyingi, nguo za watoto. Pili poliesta, uzi wa kiwandani ambao Waingereza wawili, John Whinfield na James Dickson, waliuvumbua mwaka 1941. Mayo ya mupira karibu zote ni poliesta, na salopeti nyingi za kazi ni pamba na poliesta pamoja.

Uzi wa pamba unapenda maji. Yanaingia mpaka ndani ya uzi wenyewe, na uzi unavimba. Ndiyo maana kitambaa cha pamba ni kizuri kwa kupangusa uso. Lakini kitu kinachokunywa sana hakitoi mbio. Pamba ikijaa jasho inakuwa nzito, inashika ngozi, inaziba upepo, na inachelewa kukauka.

Poliesta ni kinyume. Hata ukiiacha fasi yenye hewa ya maji mengi, uzi wake haukamati hata sehemu 1 kwa 100 ya uzito wake, wakati pamba inakamata 7 ao 8 kwa 100. Kwa hiyo poliesta inakauka mbio. Lakini kama nyuzi zake ni laini na zimebanana bila njia, jasho linabaki kati ya ngozi na nguo, na mtu anasikia sawa amejifunga mufuko wa plastiki. Wenye kununua triko za bei ya chini wanaijua ile joto.

Basi shida iko hivi: pamba inachukua maji lakini haiyaachilii, poliesta inaachilia maji lakini haiyachukui. Nguo nzuri ya kazi ingefanya yote mawili: ichukue kwa ndani, iachilie kwa inje. Na isirudishe nyuma.

Utambi wa taa unaeleza mambo mengi

Kila mtu aliyekaa kwa kijiji anajua taa ya petroli. Mafuta yako chini, moto uko juu, na hakuna mtu wa kuyapandisha. Ni utambi. Kati ya nyuzi za utambi kuna nafasi nyembamba sana, na mafuta yanazipanda yenyewe. Ukubwa wa ile nafasi ndio unaamua: ikiwa nyembamba zaidi, mafuta yanapanda juu zaidi. Nafasi ikipungua nusu, yanaweza kupanda mara 2.

Kitambaa kinavuta jasho kwa njia hiyo hiyo. Kiwanda cha DuPont cha Marekani kilitumia ile akili mwaka 1986, kilipotoa uzi wa poliesta unaoitwa Coolmax. Uzi wa kawaida ni wa mviringo, lakini huu una mifereji midogo kwa urefu wake. Jasho linafuata mifereji na kutandazika. Uzi wenyewe haunywi, ila njia ziko inje yake.

Na kutandazika ndiko muhimu. Mama mwenye kukausha mihogo anajua: ukiiacha kwa lundo inaoza, ukiitandaza kwa mkeka inakauka siku mbili ao tatu. Jasho likikusanyika fasi moja chini ya kwapa halikauki. Likitandazwa kwa mgongo wote, kila upepo unaopita unachukua sehemu yake.

Lakini utambi una ugumu wake. Nafasi nyembamba inavuta kwa nguvu, ni kweli, ila maji yanapita ndani yake polepole, sababu yanagusa kuta kila upande. Nafasi pana inapitisha mbio, lakini haina nguvu ya kuvuta. Ukitaka nguvu unapoteza mwendo, ukitaka mwendo unapoteza nguvu. Watengenezaji wa nguo walizunguka katika ile shida miaka mingi. Mti ulikuwa umeshaimaliza zamani.

Mti hauna pompa, lakini maji yanafika

Mtu aliyefanya kazi ya kutoa maji shimoni anajua: pompa ya kuvuta ikikaa juu, haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachopita mita 10. Kwetu huku kwa mwinuko, ni chini ya zile 10. Ukitaka kina zaidi, lazima pompa iteremke ndani isukume. Sasa angalia eukaliptusi yenye mita 30. Na huko California, Marekani, kuna miti inayopita mita 110. Maji yanafika mpaka kwa jani la mwisho, bila mashini, bila mafuta, bila kelele.

Mwaka 1894, watu wawili wa Dublin, Henry Dixon na John Joly, walieleza siri yake. Ndani ya mti kuna mifereji myembamba inayotoka mizizi mpaka majani. Chini ya jani kuna vitundu vidogo sana. Jua na upepo vinakausha maji kwa jani, na kila tone linalotoka linavuta lile linalofuata, sababu maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe kama mnyororo. Kwa hiyo mti hausukumi maji kutoka chini. Ni jani linalovuta kutoka juu. Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ya maji ambayo mizizi inachukua yanaondoka hewani kupitia majani.

Unaweza kuona mwenyewe. Funga mufuko wa plastiki mweupe kwa tawi lenye majani, jua likiwa kali. Kiisha muda, utaona matone ndani ya mufuko. Mti umetoka jasho.

Hesabu ya Murray

Lakini mti uliwezaje kuwa na nguvu ya kuvuta na mwendo mzuri pamoja? Jibu liko kwa matawi. Mfereji mpana wa chini unagawanyika kuwa myembamba, na ile myembamba inagawanyika tena, mpaka ndani ya jani ambako kuna mishipa usiyoweza kuhesabu kwa macho. Fasi ya safari ndefu, njia ni pana na maji yanapita mbio. Fasi ya kuvuta na kukausha, njia ni nyembamba lakini ni nyingi sana.

Mwaka 1926, Mmarekani Cecil Murray alikuwa anatafuta kujua mishipa ya damu ya mwili inagawanyika kwa kipimo gani ili moyo usichoke. Alipata kanuni moja. Chukua nusu ya upana wa mshipa mkubwa, uizidishe kwa yenyewe mara tatu. Fanya vile vile kwa kila mshipa mdogo unaotoka kwake, kiisha jumlisha. Hesabu mbili lazima zilingane.

Mfano: mfereji ambao nusu ya upana wake ni 10. Mara 10, mara 10 tena, ni 1000. Ukiugawanya kwa mifereji midogo ya 5, kila mmoja unatoa 125. Kwa hiyo unahitaji 8, sababu 8 mara 125 ni 1000. Sasa ona faida. Nafasi ya kupita katika ile 8, ukiiweka pamoja, ni mara 2 ya mfereji mkubwa, basi maji hayasongamani. Na kuta ambazo maji yanagusa zimekuwa mara 4. Kuta nyingi ni nguvu zaidi ya kuvuta na fasi kubwa zaidi ya kukaukia.

Je, mti nao unafuata kanuni iliyopatikana kwa damu? Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Katherine McCulloh, John Sperry na Frederick Adler wa Marekani. Walipima mifereji ya maji ya mimea na wakaona ndiyo, inafuata, hasa fasi ambazo ile mifereji haina kazi ingine ya kusimamisha mmea. Mti na mtu wanatumia hesabu moja.

Kutoka kwa mti mpaka kwa kitambaa

Mwaka 2019, kundi la chuo kikuu cha Donghua, huko Shanghai katika inchi ya China, chuo kinachojulikana sana kwa mambo ya nguo, lilitoa kazi yake katika jarida ACS Nano. Xianfeng Wang, Jianyong Yu, Bin Ding na wenzao walitengeneza utando wa nyuzi unaofuata kanuni ya Murray. Ukiuangalia kwa macho unaona kitu cheupe sawa karatasi laini. Chini ya mikroskopu, ni mti uliolazwa.

Nyuzi za namna ile hazisokotwi kwa mkono ao kwa mashini ya kawaida. Wanachukua plastiki iliyoyeyushwa, wanaiweka kwa sindano, kiisha wanapitisha umeme wa volti maelfu. Umeme unavuta tone la plastiki, tone linakuwa uzi, uzi unazidi kunyooka hewani mpaka unaanguka kwa sahani na kufanya mkeka sawa utando wa buibui. Njia hii si mpya. Anton Formhals alipata hati yake huko Marekani mwaka 1934. Nyuzi zinazotoka zinaweza kuwa nyembamba kuliko unywele wa kichwa mara 100.

Utando wa Shanghai una mambo mawili yanayofanya kazi pamoja. La kwanza ni njia zinazogawanyika: upande wa ngozi nafasi ni pana, na kadiri unavyokwenda inje zinakuwa nyembamba na nyingi, sawa vile shina linakuwa tawi na tawi linakuwa mshipa wa jani. La pili ni tabia ya nyuzi: za ndani hazipendi maji, za inje zinayapenda sana. Tone la jasho likigusa upande wa ndani, linapenya kwa nafasi, linakutana na nyuzi zenye kiu, linavutwa na kutandazwa inje. Kurudi haliwezi, sababu nyuma yake ni nyuzi zinazokataa maji. Ni mlango wa kutoka tu. Hata ukigeuza ili maji yapande kutoka chini kwenda juu, yanapanda, kama kwa mti.

Matokeo waliyopima: utando ule ulikausha maji mara 5.8 kupita kitambaa cha pamba, na mara 2.1 kupita kitambaa cha Coolmax. Na kwa kipimo kinachotumiwa kuangalia namna kitambaa kinaongoza maji, kipimo kinachoishia kwa 1, ulipata 0.94.

Mipaka yake

Tusidanganyane. Kwanza, zile hesabu ni za maabara, kwa kipande cha kitambaa, bila vumbi la shaba na bila siku 200 za kufuliwa. Nyuzi nyembamba namna ile kwa kawaida ni dhaifu. Kitambaa kinachopigwa kwa jiwe pale mtoni na kusuguliwa na sabuni ya kipande kinahitaji nyuzi za kuvumilia. Ndiyo maana kwa nguo za kweli utando huu lazima ushonwe ao ubandikwe pamoja na kitambaa kingine kigumu.

Pili, hakuna nguo inayopita hewa. Mti wenyewe hauvuti sana siku ya mvua. Mwezi wa 1 na wa 2 huku kwetu hewa imejaa maji, na jasho halipati fasi ya kwenda. Nguo nzuri itakusaidia kidogo, lakini haiwezi kukausha kama hewa imekataa.

Tatu, kuna jambo ambalo matangazo ya biashara hayasemi. Jasho linapokaukia kwa ngozi, moto wote unatoka mwilini. Linapokaukia kwa upande wa inje wa nguo, sehemu ya ule moto inatoka kwa hewa, si kwa mwili. Kwa hiyo nguo kavu na mwili baridi si kitu kimoja. Nguo kavu inakuzuia usishikwe na ubaridi, usichubuke ngozi, usibebe uzito. Ni faida kubwa. Lakini haiondoi hatari ya joto.

Nne, nguo za kinga zinafunga kila njia. Mtu aliyevaa koti la plastiki, ao la kuzuia asidi, hata akivaa ndani utando bora wa dunia, jasho litafika kwa plastiki na kusimama. Yule anahitaji kupumzika na kuvua, si kubadilisha triko.

Sisi hapa tuchague namna gani?

Utando wa Shanghai hauko kwa soko la Mutshatsha. Lakini kanuni yake iko bure, na inasaidia hata ukichagua nguo za friperi.

*Fanya kipimo cha kikombe.* Kata ukanda mwembamba kwa nguo iliyozeeka ya kila namna unayopenda kulinganisha, sawa kidole kimoja kwa upana. Tia maji kidogo kwa kikombe, weka rangi ao chai ili uone vizuri, kiisha ning'iniza ukanda uguse maji. Kiisha dakika 10 pima maji yamepanda wapi. Kiisha toa kanda zote, zining'inize kivulini, uone ipi inakauka ya kwanza. Ile inayopandisha mbali na kukauka mapema ndiyo ya kazi.

*Kwa sokoni, tumia tone moja.* Weka tone la maji kwa upande wa ndani wa triko. Likibaki mviringo sawa tone kwa jani la majimbi, acha. Likipotea ndani na kutokea inje likiwa limetandazika, hiyo ni nzuri. Angalia tu kwamba nguo si mpya yenye wanga wa kiwandani. Kikwembe kipya kinakataa maji mpaka kifuliwe mara moja ao mbili.

*Panga nguo mbili.* Kama salopeti yako ni nzito, ya ndani iwe nyepesi, ya kuvuta jasho, na isibane sana. Singileti ya pamba nzito ndani ya salopeti nzito ni lundo la mihogo.

*Angalia moto.* Hapa hakuna mchezo. Poliesta ikipata moto inayeyuka na kushika ngozi. Wale wanaounganisha vyuma kwa moto, wanaofanya kwa tanuru, wa umeme mkubwa, wasivae mayo ya poliesta hata kwa ndani. Kwao ni pamba nene ao nguo maalum ya kuzuia moto, hata kama inachelewa kukauka.

*Angalia asidi.* Kwa viwanda vya shaba na kobalti asidi ya salfa iko kila fasi. Asidi inakula pamba, utaona matundu kiisha siku chache. Poliesta inaivumilia kuliko pamba. Kwa hiyo nguo ya mtu wa asidi na nguo ya mtu wa moto haziwezi kuwa moja. Mukubwa wa usalama kazini ndiye wa kuuliza.

*Fua vizuri.* Ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri inaacha mafuta kwa nyuzi na kuziba njia, sawa rangi kwa mutungi. Kwa nguo za kazi iache. Poliesta inashika harufu ya jasho kuliko pamba. Watu wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2014 kwamba vijidudu vya harufu vinapenda kukaa kwa poliesta. Ifue siku ile ile, usiirundike. Na pasi ya makala isiguse poliesta ikiwa na moto mkali.

*Kumbuka kipwa.* Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Kolwezi na Mutshatsha ni baridi ya kweli. Mwenye kufanya kazi ya usiku akatoka jasho, kiisha akakaa na shati la pamba lililolowa, mwili wake unapoteza moto mwingi. Beba shati kavu ya kubadilisha.

Nguo si maji ya kunywa

Kuna sehemu moja ya mti ambayo hakuna kitambaa kinaweza kuiga: mizizi. Mti unatoa maji kwa majani sababu chini unachukua mengine. Siku mizizi inakosa, mti unafunga vitundu vya majani na kungoja. Mtu hana akili ile. Anaendelea kutoka jasho mpaka maji ya mwili yamepungua, na kazi nguvu chini ya jua inaweza kutoa litre 1 kwa saa, ao kupita.

Kwa hiyo kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 ao 20, hata kama kiu haijafika. Pumzika kivulini. Mwenzako akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, akiyumba ao kuanguka, mwili wake ukichoma kupita digrii 40, usiseme amechoka tu. Joto limempiga, na linaua. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili wote na kumpepea papo hapo, wakati mwingine anatafuta pikipiki ya kumfikisha hospitalini. Kama hajitambui, usimnyweshe kitu.

Mtu ambaye anatuuza nguo ya kukausha jasho anauza nusu ya mti, ile ya matawi na majani. Nusu ya mizizi inabaki kwetu: kopo la maji pembeni, kivuli karibu, na mukubwa wa kazi mwenye kukubali watu wapumzike. Ukipata nguo nzuri, vaa. Lakini asubuhi mbele hujatoka nyumbani, angalia kwanza kama kopo limejaa.